Sura ya Saba: Sindano Inayozima Korodani

Mwaka 1990 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti ulioendeshwa na Shirika la Afya Duniani katika vituo 10 vya nchi 7. Wanaume 271 wenye afya njema walikubali kuchomwa sindano ya miligramu 200 za testosteroni kila wiki. Hawakuwa wagonjwa, wala hawakuwa wanamichezo wanaosaka misuli. Walijitolea kupima njia mpya ya uzazi wa mpango. Katika kipindi cha miezi 6, wanaume 157 walifikia hali ya kutokuwa na mbegu hata moja kwenye manii yao, na kwa mwaka mzima uliofuata, huku wao na wenzi wao wakiwa hawatumii kinga nyingine yoyote, mimba iliyotunga ilikuwa moja.

Kwa maneno mengine, homoni ambayo watu wengi huiona kuwa ndiyo uanaume wenyewe ilitumika kuzuia uzazi, na ikazuia vizuri kuliko kondomu zinavyozuia kwa watu wa kawaida majumbani.

Utafiti huu ni wa zamani kidogo, lakini ujumbe wake haujawafikia wanaouhitaji. Mijini kwetu wapo vijana wanaonyanyua vyuma na kuchomana sindano za testosteroni bila kumwona daktari. Wengine wana miaka ishirini na kitu, wamefunga ndoa juzi, na miezi inapopita bila mimba, maswali ya mawifi na mama mkwe yanamwangukia mke. Mke anapelekwa hospitali, anapimwa mirija, anapewa vidonge, anaombewa. Mume, kwa kuwa ana kifua kipana na sauti nzito, hakuna anayemtilia shaka. Inanikera kuona mwanamke akibebeshwa aibu ya jambo ambalo kipimo kimoja cha manii kingelieleza. Sura hii inafuata njia yote, kutoka ubongoni hadi kwenye mbegu, ili ieleweke ni kwa nini homoni ya kiume ikizidishwa kutoka nje huifunga korodani.

Tuanze na jambo ambalo wafugaji walilijua maelfu ya miaka kabla ya maabara. Fahali akihasiwa huwa maksai: anatulia, ananenepa, anakubali nira. Kuna kitu kinatoka kwenye korodani na kubadili mwili mzima pamoja na tabia. Swali lilikuwa kinasafiri vipi. Mwaka 1849 Arnold Berthold, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Göttingen huko Ujerumani, alichapisha taarifa fupi kuhusu majogoo 6 machanga. Waliotolewa korodani wakaachwa hivyo, upanga wa kichwani ulinywea, hawakuwika kama majogoo, hawakupigana. Waliorudishiwa korodani moja tumboni, iwe yao wenyewe au ya mwenzao, walikua majogoo kamili. Berthold alipowapasua aliona korodani ile imeota mishipa mipya ya damu, lakini haikuunganishwa na neva yoyote. Basi ujumbe ulikuwa unapita kwenye damu. Kazi yake ilisahaulika kwa miongo mingi, ingawa leo tunaihesabu kuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya elimu ya homoni.

Aliyeiteka dunia ni mwingine. Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis nchini Mauritius na tabibu mashuhuri jijini Paris, alitangaza mwaka 1889, akiwa na miaka 72, kwamba amejichoma majimaji ya korodani za mbwa na za panya-buku wa maabara, na kwamba nguvu za ujana zimemrudia. Habari ilienea haraka na biashara ya majimaji hayo ikachanua. Leo tunajua hakuwa amejichoma homoni ya kutosha kufanya lolote. Testosteroni haiyeyuki vizuri majini, na korodani haiihifadhi: inatengenezwa na kuachiliwa hapo hapo. Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur mjini Amsterdam lilipofanikiwa kuipata ikiwa safi, kilo 100 hivi za korodani za mafahali zilitoa miligramu 10 tu. Kilichomrudishia mzee yule nguvu ni imani yake. Nikisoma matangazo ya dawa za nguvu za kiume yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme, naona imani ileile inauzwa tena, safari hii kwa watu wasio na fedha za kupoteza.

Mwaka huohuo wa 1935, Adolf Butenandt na Leopold Ružička, kila mmoja upande wake, waliitengeneza testosteroni maabara kutokana na kolesteroli, na Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1939 ikawaendea. Tangu hapo homoni imepatikana kwa bei rahisi. Elimu ya namna ya kuitumia haikuenda kwa kasi hiyo.

Korodani ina kazi mbili, na kila kazi ina seli zake. Ndani yake kuna mirija myembamba iliyojikunja, ambayo ukiinyoosha yote unapata mamia ya mita. Mbegu hutengenezwa ndani ya mirija hiyo. Katikati ya mirija, pembezoni mwa mishipa ya damu, kuna vikundi vya seli alizozieleza Franz Leydig mwaka 1850, na hizi ndizo zinazotengeneza testosteroni. Ndani ya mirija, zikiwa zimesimama kutoka ukutani hadi katikati, kuna seli ndefu zenye matawi alizozieleza Enrico Sertoli mwaka 1865, akiwa kijana wa miaka 23 huko Pavia, Italia. Hizi ndizo seli walezi, na kila mbegu inakua ikiwa imekumbatiwa nazo.

Seli za Leydig na za Sertoli ni majirani, na ujirani huo ndio siri ya jambo zima. Testosteroni inayotoka kwa Leydig haina safari ndefu ya kufika kwenye mirija. Inapenya moja kwa moja. Ndiyo maana kiwango cha testosteroni ndani ya korodani ni mara 50 hadi 100 ya kile kilichomo kwenye damu ya mkononi. Mbegu zinahitaji kiwango hicho kikubwa. Hakuna sindano ya bega au ya paja inayoweza kukifikia bila kumdhuru mtu, kwa sababu sindano inajaza damu, na damu haiwezi kuipa korodani kile ambacho jirani yake anaipa.

Lakini Leydig hafanyi kazi bila kuagizwa. Agizo linaanzia ubongoni, sehemu ndogo ya chini iitwayo haipothalamasi. Huko kuna neva chache, elfu moja na kitu tu, zinazotoa homoni ya GnRH, protini fupi mno yenye amino asidi 10. Kuigundua kulichukua miaka ya ushindani mkali kati ya Andrew Schally na Roger Guillemin nchini Marekani. Kundi la Schally lilisaga haipothalamasi za nguruwe zaidi ya 150,000 kutoka machinjioni ili kupata kiasi kisichotimia miligramu moja. Mwaka 1971 muundo wake ulijulikana, na mwaka 1977 wote wawili walipewa Nobel, pamoja na Rosalyn Yalow aliyevumbua njia ya kupima homoni chache sana kwenye damu. Bila kazi ya Yalow, sura hii isingeweza kuandikwa, maana namba nyingi tunazozitaja za homoni zilianzia kwenye kipimo chake.

GnRH inashuka hatua chache hadi kwenye tezi ya pituitari iliyoning'inia chini ya ubongo, na pituitari inajibu kwa kutoa protini mbili kubwa kwenye damu: LH na FSH. LH inakwenda kwa seli za Leydig kuagiza testosteroni. FSH inakwenda kwa seli za Sertoli. Majina marefu ya homoni hizi mbili yanataja sehemu za ovari ya mwanamke, kwa sababu ziligunduliwa kwa kuchunguza kazi zake kwenye ovari. Mwanamume anatumia protini zilezile, bila tofauti ya herufi moja.

Hapa pana jambo ambalo kwangu ni zuri kuliko yote katika elimu hii. GnRH haimwagiki mfululizo. Kwa mwanamume mzima inatoka kwa mapigo, takribani kila saa moja na nusu hadi mbili, usiku na mchana. Ernst Knobil na wenzake huko Pittsburgh walionyesha mwaka 1978 umuhimu wa mapigo hayo kwa kutumia tumbili ambao ubongo wao haukutoa tena GnRH. Walipowapa homoni hiyo kwa pigo moja kila saa, LH na FSH zilirudi. Walipowapa mfululizo bila kukatiza, LH na FSH zilishuka, ingawa homoni ilikuwa tele. Pituitari iliyopigiwa kelele bila kupumzishwa huacha kusikia: vipokezi vyake vya GnRH hupungua kwenye uso wa seli.

Matabibu waliligeuza hilo kuwa tiba. Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alikuwa ameonyesha kwamba saratani ya tezi dume hulishwa na homoni za kiume, na kwamba kuzikata humpa mgonjwa nafuu. Kwa miaka mingi kukata huko kulimaanisha kuondoa korodani. Sasa mgonjwa anaweza kuchomwa dawa inayofanana na GnRH na kudumu mwilini kwa wiki nyingi. Siku za mwanzo testosteroni hupanda, halafu inaporomoka hadi kiwango cha mtu aliyehasiwa, na saratani inadhoofika. Wazee wengi wenye saratani ya tezi dume katika hospitali zetu wanaipata sindano hiyo bila kuelezwa kwamba inafanya kazi kwa kuichosha pituitari kwa mfano wa homoni ya ubongo.

Sasa tunaweza kuieleza ile sindano ya kijana. Ubongo haupimi misuli wala sauti, unapima damu. Ni kama boya la tangi la maji juu ya paa: maji yakipanda boya linainuka na kufunga bomba, bila kujali yametoka kwenye bomba au umeyamwaga kwa ndoo. Testosteroni ikijaa kwenye damu, haipothalamasi hupunguza mapigo yake na pituitari huacha kutoa LH na FSH. Seli za Leydig, zikikosa LH, hulala. Testosteroni ya ndani ya korodani inashuka hata huku ile ya kwenye damu ikiwa juu kupita kiasi. Mirija inakosa kile kiwango cha mara 50, seli za Sertoli zinakosa FSH, na mbegu zinakoma. Korodani zenyewe husinyaa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ukubwa wake ni mirija ya mbegu.

Kwa muda mrefu haikueleweka ubongo unasomaje damu, maana neva za GnRH zenyewe hazina kipokezi cha testosteroni. Jibu lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1996 watafiti wa saratani katika mji wa Hershey, Pennsylvania, mji wa viwanda vya chokoleti, waligundua jeni na kuipa jina linalotokana na chokoleti maarufu ya hapo. Protini yake tunaiita kispeptini. Mwaka 2003 makundi mawili, moja Ufaransa na jingine Marekani, yalichunguza familia ambazo watoto wake hawakubalehe kabisa, yakakuta kasoro kwenye kipokezi cha kispeptini. Neva za kispeptini ndizo zinazoziamsha neva za GnRH, na hizo zina vipokezi vya homoni za uzazi. Zinapopata habari kwamba homoni zimejaa, hunyamaza. Sehemu kubwa ya habari hiyo kwa mwanamume hupita kwa njia ya estrojeni, kwa sababu ubongo una kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni kabla ya kuisoma. Naam, mwanamume ana estrojeni na anaihitaji. Mwaka 1994 ilielezwa habari ya mwanamume wa miaka 28 ambaye vipokezi vyake vya estrojeni havikufanya kazi: alikuwa na urefu wa sentimita 204, bado anarefuka, na mifupa yake ilikuwa dhaifu kama ya mzee.

Turudi kwa Leydig. LH inapogonga seli hiyo, malighafi ipo tayari: kolesteroli, mafuta yaleyale tunayoogopa kwenye majibu ya damu. Kinachokosekana ni njia ya kuifikisha ndani ya mitokondria, ambako hatua ya kwanza ya kuigeuza inafanyika. Kolesteroli haiwezi kuvuka yenyewe nafasi yenye maji iliyopo kati ya kuta mbili za mitokondria. Mwaka 1994 Barbara Clark na Douglas Stocco, huko Lubbock, Texas, walieleza protini inayoivusha, nayo inaitwa StAR. Inatengenezwa dakika chache baada ya agizo la LH, inafanya kazi yake, na haidumu. Kwa hiyo kasi ya kutengeneza testosteroni haitegemei wingi wa mafuta mwilini. Inategemea protini hii isiyokaa. Watoto wanaozaliwa na jeni ya StAR iliyoharibika huwa na seli zilizojaa kolesteroli tele, huku hawana homoni zinazotengenezwa kutokana nayo. Mwanamume mzima mwenye afya hutengeneza miligramu 5 hadi 7 hivi za testosteroni kwa siku. Ukilinganisha na miligramu 200 za sindano ya kila wiki, utaona mzigo ambao ubongo unausoma.

Seli za Sertoli zinastahili kuelezwa zaidi, kwani humo ndimo protini za udhibiti zimejaa.

Kazi yake ya kwanza inaanza tumboni mwa mama. Kwenye wiki ya saba hivi, kijusi cha kiume na cha kike vina mirija ya aina mbili, mmoja ungeweza kuwa mfuko wa uzazi na mwingine njia ya mbegu. Alfred Jost, mwanasayansi wa Ufaransa, alifanya upasuaji wa ajabu mwaka 1947: alitoa korodani za vijusi vya sungura vikiwa bado tumboni. Vyote vikaumbika kwa umbo la kike. Alipoweka testosteroni mahali pa korodani, njia za mbegu zilibaki, lakini mirija ya kike nayo haikuondoka. Akahitimisha kwamba korodani hutoa kitu cha pili. Kitu hicho ni protini ya AMH, nayo inatoka kwa seli za Sertoli. Uanaume wa mwili, tangu siku zile, haukutokana na homoni moja.

Mtoto akibalehe, AMH inashuka na seli za Sertoli zinabadilika. Zinaacha kuongezeka kwa idadi, na idadi iliyofikiwa ndiyo itakayoweka ukomo wa mbegu ambazo mtu huyo anaweza kutengeneza kwa siku. Zinashikana kwa protini za kuziba, zikiwemo klaudini na okludini, hadi zinaunda ukuta unaoutenga mrija na damu. Ukuta huo una sababu. Mbegu zinaonekana kwa mara ya kwanza wakati wa balehe, miaka mingi baada ya kinga ya mwili kujifunza kilicho chake na kisicho chake, kwa hiyo kinga ingezishambulia kama wageni. Testosteroni husaidia kuufunga ukuta nyuma ya seli inayokua huku ukifunguka mbele yake, ili ipite bila mwanya.

Ndani ya ukuta, Sertoli hutoa protini inayoshika testosteroni na kuiweka karibu na mbegu, na sehemu yake husafiri na majimaji hadi kwenye epididimisi, ambako mbegu hukomaa na kujifunza kuogelea. Mbegu zenyewe hazihitaji kipokezi cha testosteroni, zinamtegemea mlezi. Hilo lilithibitishwa mwaka 2004, watafiti walipoondoa kipokezi hicho kwenye seli za Sertoli pekee za panya na kukiacha kwingine kote. Panya wale walikuwa madume kwa umbo, ila seli za mbegu zilikwama katikati ya safari, kabla ya kugawanyika mara ya mwisho.

Kuna protini nyingine, GDNF, ambayo Sertoli huipeleka kwa seli mama za mbegu zilizokaa ukutani mwa mrija. Mwaka 2000 kundi la Helsinki lilichapisha jaribio ambalo ningependa kila muuza dawa za nguvu alijue. Panya waliokuwa na GDNF pungufu walipungukiwa na seli mama zao. Panya waliozidishiwa GDNF walirundika seli mama chungu nzima ambazo zilikataa kugeuka mbegu, wakawa tasa. Kiasi cha katikati ndicho kilichodumisha seli mama na mbegu kwa pamoja.

Na Sertoli inazungumza na ubongo pia. Mwaka 1932 D. Roy McCullagh alipendekeza kwamba korodani hutoa kitu kinachopooza pituitari, akakiita inhibini. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kukipata. Kilipatikana mwaka 1985, na si kwenye korodani, bali kwenye majimaji ya ovari za ng'ombe na nguruwe. Kwa mwanamume inhibini B hutoka kwa Sertoli pale kazi ya mbegu inapokwenda vizuri, na inaiambia pituitari ipunguze FSH peke yake, bila kugusa LH. Ndugu yake, aktivini, iliyoundwa kwa kipande kilekile kilichomo kwenye inhibini, hufanya kinyume na kuipandisha FSH. Hii ndiyo sababu daktari akiona FSH ya mwanamume iko juu sana huhuzunika: ina maana Sertoli hazijibu tena, na pituitari inapaza sauti bure. Matubwitubwi yaliyoshukia kwenye korodani baada ya balehe yanaweza kuacha picha ya namna hiyo.

Testosteroni ikitoka korodanini kwenda mwilini haiendi peke yake. Karibu yote hubebwa na protini mbili za damu, albumini na SHBG inayotengenezwa na ini. Iliyo huru ni asilimia 2 hivi. Watu wawili wenye namba moja kwenye karatasi ya maabara wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa kwa sababu ya SHBG. Kwa mtu mwenye kitambi kikubwa protini hiyo hushuka, na mafuta yenyewe yanageuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni. Kupunguza uzito humsaidia mtu wa aina hii kuliko chupa yoyote ya barabarani.

Na ikifika, lazima ipokelewe. Jeni ya kipokezi cha homoni za kiume imo kwenye kromosomu ya X, ile ambayo mwanamume huirithi kwa mama yake. Wapo watu wenye kromosomu za XY, wenye korodani zilizobaki tumboni na testosteroni nyingi, ambao kipokezi chao hakifanyi kazi hata kidogo. Wanazaliwa na kukua kama wanawake, na wengi hujua habari hii pale hedhi inapokosekana. Wanastahili maelezo ya staha kutoka kwa daktari, na usiri.

Mahali pengine testosteroni inabidi ibadilishwe kwanza. Kwenye tezi dume, kwenye ngozi ya uso na ya kichwa, kimeng'enya huigeuza kuwa DHT yenye nguvu zaidi. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza familia za kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, ambako baadhi ya watoto walizaliwa wakionekana wasichana, kisha balehe ikawapa misuli, sauti nzito na uume uliokua. Walikosa kimeng'enya hicho. Tezi dume yao ilibaki ndogo maisha yote na hawakupata upara. Dawa ya finasteridi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa wazee ambao tezi dume imewavimbia na mkojo kuwapa tabu, inafuata nyayo za familia zile: inazuia kimeng'enya hicho kwa makusudi.

Neno moja kuhusu kusimama kwa uume, kwa kuwa ndilo hasa watu wanalomaanisha wanapotaja nguvu za kiume. Ni kazi ya mishipa ya damu na neva kabla ya kuwa kazi ya homoni. Mtu wa miaka 50 aliyeanza kupata shida hiyo apimwe kisukari, presha na moyo. Testosteroni ya chini ni sababu kwa baadhi tu.

Sasa kijana aliyekwisha kujichoma afanye nini? Kwanza aseme ukweli mbele ya daktari, maana damu yake itasema hata akinyamaza: testosteroni juu, LH na FSH karibu na sifuri. Si magonjwa mengi yenye sura hiyo. Kwenye utafiti wa 1990 wanaume walioacha sindano walirudishiwa mbegu zao, wengi wao ndani ya miezi michache. Lakini wale walitumia kipimo kimoja kinachojulikana, chini ya uangalizi. Anayechanganya dawa kadhaa kwa miaka anaweza kusubiri mwaka au zaidi, na kuna ambao hawarudi walikokuwa. Asiache na kurudia ovyo, wala asiache ghafla bila ushauri, kwa sababu kipindi cha katikati, korodani ikiwa bado imelala na sindano imekwisha, huleta uchovu, huzuni na kukosa hamu.

Kuna tiba ya kumharakisha, nayo ni hCG. Hii ni homoni ya mimba, ileile inayogeuza kipimo cha mkojo cha mwanamke kuwa na mistari miwili, na kwa miaka mingi imechujwa kutoka kwenye mkojo wa wajawazito. Umbo lake linafanana na LH kiasi kwamba kipokezi cha Leydig hakioni tofauti. Mwanamume akichomwa hCG, seli za Leydig huamka na kutengeneza testosteroni palepale inapohitajika, jirani na mirija. Ikibidi, FSH huongezwa. Tiba hii pia imewapa watoto wanaume waliozaliwa na ugonjwa wa Kallmann, ambao neva zao za GnRH hazikufanikiwa kusafiri kutoka puani hadi ubongoni wakati wa kuumbwa, na kwa hiyo hawabalehi wenyewe wala hawasikii harufu.

Baada ya tiba kuanza, manii hayapimwi wiki ijayo. Mbegu moja huchukua siku 74 hivi kutoka seli mama hadi kukamilika, kisha siku kadhaa kwenye epididimisi. Kila homa kali, kila sindano, kila dawa ya leo itasomeka kwenye manii ya miezi mitatu ijayo. Damu ya testosteroni nayo huchukuliwa asubuhi, kabla ya saa nne, inapokuwa juu, na hurudiwa siku nyingine kabla ya uamuzi wowote. Mume na mke wafike kliniki pamoja, na siku hiyohiyo ambayo mke anaandikiwa kipimo cha mirija, mume apewe kikopo cha kupimia manii.